Funga Kwanza, Kisha Inua

Somo kwa wamama wa kliniki: namna ya kufunga vyombo vya mgonjwa katika kipoyi



Katika milima yetu ya Kivu kuna vijiji vingi ambavyo gari halifiki. Mama anashikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto hashuki. Ao amekwisha kuzaa, na damu haikatiki. Muganga wa kituo cha afya anamwekea serumu, anaandika barua, anasema: "Mumupeleke hospitali." Toka saa ile mgonjwa yuko mikononi mwa jamaa na majirani. Njia ni ya saa mbili, saa nne, hata zaidi. Kuna kupanda na kushuka, kuna mito, kuna matope ya mvua.

Wazee wanakumbuka kwamba wakati wa ukoloni kipoyi kilibeba wakubwa wa serikali. Leo kipoyi kinabeba mama mwenye mimba. Ni ambilansi yetu. Lakini ambilansi ya hospitali ina vyuma na mikanda ya kushika kila kitu, na kipoyi chetu kina miti miwili na blanketi. Basi mikanda ile tutaitengeneza sisi wenyewe.

Somo hili lina neno moja tu: kila kitu kinachosafiri na mgonjwa kifungwe pahali pake mbele ya kuinua kipoyi.

Labda mama mmoja atauliza: "Juu ya nini mutufundishe sisi? Wanaobeba ni wanaume." Jibu ni hili. Wabebaji wana mzigo begani, na macho yao yanaangalia njia. Hawawezi kumwona mgonjwa. Anayemwona ni mama anayetembea kando. Yeye ndiye anayeona kama serumu imesimama, kama mtoto anapumua, kama kamba imelegea. Tena, mambo haya hatujifunzi usiku wa shida. Tunajifunza leo, tukiwa tumekaa na afya.

1. KWA NINI VITU VINAANGUKA?

Kipoyi hakitulii hata kidogo. Mbebaji mmoja ni mrefu, mwingine ni mfupi. Mmoja anateleza, mwingine anasimama. Kitu kilichowekwa tu juu ya blanketi kinasogea polepole, kisha kinaanguka.

Ndani ya gari ni vibaya zaidi. Ukisimama nyuma ya lori, na dereva anafunga breki kwa ghafula, mwili wako unakwenda mbele. Gari limesimama, wewe bado unakwenda. Vyombo ni hivyo hivyo. Chupa, sanduku la dawa, bidoni, vyote vitaruka mbele, na mara nyingi vitampata mgonjwa.

Kitu kinachoanguka kinaleta hasara tatu. Kinaweza kumuumiza mgonjwa. Kinaweza kuvunjika ao kupotea. Tena kinaweza kuvuta kitu kingine kilichoingizwa mwilini, kama sindano ya serumu ao sonda ya mkojo. Hasara hii ya tatu watu wengi hawaifikiri.

2. KIPOYI CHENYEWE

Tafuteni miti miwili migumu ao mianzi iliyokomaa, inayopita urefu wa mtu, ili wabebaji wapate pa kushika mbele na nyuma. Lazeni blanketi nzito ao magunia mawili yaliyotobolewa pembeni. Mbele ya kumlaza mgonjwa, mulaze mtu mzima asiye mgonjwa, mumuinue, mutembee hatua kumi. Kama blanketi itapasuka, ipasuke na yeye, si na mama mwenye uchungu.

Wabebaji wawe wanne, na wengine wanne wa kuwapokea. Tayarisheni kamba za kutosha: mipira ya ndani ya kinga (baiskeli) iliyokatwa mirefu, vikwembe vya zamani, ao kamba za katani. Mpira ni mzuri sana, kwani unashika na hauumizi. Waya haufai.

Fundo liwe la kufungua kwa kuvuta mara moja, kama fundo la kamba za viatu. Fundo la kufungua kwa meno ni la mbuzi, si la mgonjwa. Mama akitapika, ao mukivuka mto, mutahitaji kufungua upesi.

3. KUMFUNGA MAMA

Mama mwenye mimba kubwa asilale chali. Akilala chali, tumbo la uzazi linalemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama anaona kizunguzungu, na mtoto anapata damu kidogo. Alale kwa ubavu wa kushoto. Kunja kikwembe kama mto mdogo, ukiweke nyuma ya mgongo wake ili asirudi chali.

Kisha mufunge pahali patatu:

(a) juu ya kifua, chini ya makwapa;
(b) juu ya mapaja, chini ya tumbo;
(c) chini kidogo ya magoti.

Usipitishe kamba juu ya tumbo hata mara moja. Kila kamba iwe na nafasi ya kuingiza kiganja cha mkono. Kama kiganja hakiingii, umekaza sana. Kama ngumi inaingia, umelegeza sana.

Mama aliyezaa na anayetoka damu nyingi, mulaze chali na miguu yake iinuliwe kidogo juu ya nguo zilizokunjwa. Mama mwenye degedege ao asiyejua kitu, alale kwa ubavu ili mate na matapishi vitoke nje. Usimfunge mikono na miguu kwa nguvu ili kuzuia degedege. Kamba zimzuie kuanguka tu. Usiingize kijiko wala kitu chochote kinywani mwake.

Mukipanda mlima, kichwa kitangulie. Mukishuka, miguu itangulie. Hivyo kichwa kinabaki upande wa juu siku zote. Mukivuka mto kwa mtumbwi, fungueni kamba zote za mgonjwa na mumushike kwa mikono. Mtumbwi ukipinduka, mtu aliyefungwa hawezi kuogelea wala kuokolewa upesi.

4. SERUMU

Serumu haisukumwi na mashini. Inashuka kwa sababu mfuko uko juu na mkono uko chini, kama maji ya chemchemi yanavyoshuka bondeni. Basi mfuko ukae juu, karibu mita 1 juu ya moyo wa mgonjwa.

Wengine wanalaza mfuko juu ya tumbo la mgonjwa "ili usianguke." Haukuanguka, ni kweli, lakini serumu inasimama. Mfuko ukishuka chini ya mkono, damu inapanda ndani ya mpira, inaganda, na njia inaziba. Mama anafika hospitali mshipa umefungwa, na wauguzi wanaanza tena kutafuta mshipa mwingine katika mkono uliopungukiwa damu. Dakika zile zina bei kubwa.

Fanyeni hivi. Kateni kijiti chenye panda, urefu wa mita moja na nusu hivi. Kifungeni kwenye mti wa kipoyi, upande wa mkono wenye sindano. Kifungwe pahali pawili, chini na juu kidogo, kwa sababu kijiti kilichofungwa pahali pamoja kinazunguka. Tundikeni mfuko kwenye panda, kisha mufunge shingo yake na kamba ndogo ili usiruke wakati wa kutingishika.

Sasa mpira. Usiukaze kama kamba ya kuanikia nguo. Acha ulegee, fanya kitanzi kimoja karibu na mkono, na ukibandike kwenye ngozi kwa plasta. Hivyo mtu akiukanyaga ao tawi likiukamata, kitanzi ndicho kitavutwa kwanza, si sindano. Mkono wenyewe ufungwe polepole juu ya kibao ao karatoni ngumu ili usikunjwe.

Kigurudumu cha kupunguza na kuongeza matone ni cha muganga. Mara nyingi ameweka dawa ndani ya serumu, na dawa ikiingia kwa haraka inaweza kuumiza mama na mtoto. Lakini kuhesabu matone ni kazi yako. Muulize muganga: "Ni matone mangapi kwa dakika?" Hesabu kwa saa ao kwa telefoni. Kwa mpira wa kawaida wa mtu mkubwa, matone 20 ni mililita 1. Basi kama amesema matone 60 kwa dakika, mfuko wa mililita 500 utaisha karibu saa mbili na dakika 45. Kama njia yenu ni ya saa nne, mfuko mmoja hautafika! Mwambie muganga mbele ya kuondoka, yeye ataamua.

Matone yakisimama njiani, angalia mambo matatu: mfuko umeshuka? mpira umekunjwa ao umekaliwa? mkono umekunjwa? Mara nyingi utapata jibu hapo. Mkono ukivimba pale penye sindano, funga kigurudumu. Mfuko ukikaribia kuisha na hakuna muganga, funga kigurudumu mpira ukiwa bado na maji, na uache sindano pahali pake. Usiitoe.

5. SONDA NA MFUKO WA MKOJO

Mama aliyekaa na uchungu siku nyingi, mara nyingi muganga anamwekea sonda, ni kusema mpira mdogo unaotoa mkojo katika kibofu. Hapa sheria inageuka. Mfuko wa serumu unakaa juu, mfuko wa mkojo unakaa chini.

Juu ya nini? Kwa sababu mfuko wa mkojo ukipandishwa juu ya tumbo, mkojo wa zamani unarudi ndani ya kibofu pamoja na vijidudu. Tena, ndani ya kibofu sonda inashikwa na puto ndogo iliyojazwa maji. Mfuko ukianguka na kuvuta, puto ile inaweza kupasua njia ya mkojo.

Bandika mpira wa sonda kwenye paja kwa plasta, na uache nafasi ya kulegea. Funga mfuko kwenye mti wa kipoyi, chini ya usawa wa mwili, lakini usikokotwe chini na usigonge miguu ya wabebaji. Wakati wa kupumzika, mukiweka kipoyi chini, shika mfuko kwa mkono. Usiulaze juu ya mama. Kama mfuko umejaa, mwageni mukojo kwa kifungio cha chini, kisha mufunge tena.

6. MTOTO MCHANGA

Mtoto aliyezaliwa anasafiri namna gani? Si ndani ya kikapu pa miguu ya mama, wala katikati ya chupa za maji ya moto. Chupa ya moto inachoma ngozi ya mtoto, na ikipoa inamnyang'anya joto.

Pahali pazuri pa mtoto ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Kwa watoto wadogo sana njia hii ilianza kutumiwa katika hospitali ya Bogota, inchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashini za kupasha watoto joto hazikutosha. Leo inafundishwa dunia nzima. Mtoto avae kofia na kitambaa cha mkojo tu, alazwe wima katikati ya maziwa, kichwa kigeukie upande mmoja, na afungwe kwa kikwembe. Pua na kinywa vionekane. Shingo isikunjwe.

Kama mama amezimia, ana degedege, ao hana nguvu ya kumtazama, mtoto asifungwe juu yake. Mwanamke mwingine amchukue kifuani, ngozi kwa ngozi, naye atembee karibu. Kamba ya kipoyi isipite juu ya mtoto hata kidogo.

7. BARUA NA DAWA

Barua ya muganga ni nyepesi kuliko vyombo vyote, lakini ni kati ya vitu vinavyopotea kwanza. Ndani yake kuna saa ya uchungu kuanza, kipimo cha damu, dawa alizopewa na saa ya kila sindano. Bila barua, hospitali haijui kama dawa imekwisha kupewa. Wanaweza kumpa mara mbili, ao kumnyima kwa kufikiri alikwisha kupata.

Weka barua na fishi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge kinywa chake, kisha uufunge mwilini mwa yule anayetembea kando. Usiziweke ndani ya mzigo. Mzigo unabaki nyuma. Barua inapaswa kufika pamoja na mgonjwa. Dawa alizotoa muganga zifungwe pamoja, ndani ya kisanduku kimoja, upande wa miguu, kwenye mti wa kipoyi.

8. MASUFURIA NA BIDONI

Tunajua kwamba hospitalini jamaa ndiyo inapika. Basi kuna masufuria, makala, unga, bidoni ya mafuta, na pengine kuku. Sikiliza mazungumzo haya ya mama mkwe na muganga:

"Muganga, hizi vyombo tuweke pa miguu yake, si kipoyi iko na nafasi?"

"Hapana, mama. Nafasi ile ni ya mgonjwa."

"Lakini njia ni mulefu, na watu ni kidogo."

"Ni kweli, mama. Lakini mukipanda kilima cha kwanza, hiyo sufuria itateremuka. Sonda iko pa miguu ile ile. Itavuta nini?"

"Aah! Itavuta sonda."

"Sasa bidoni?"

"Nitamuita mutoto wa ndugu yangu. Atatufuata na mizigo kesho asubui."

Mama mkwe huyo amefahamu somo. Mzigo unaweza kufika kesho. Panga, jembe na thermos ya maji ya moto visipande kipoyi hata kama vimefungwa.

9. MUKIFIKA KWENYE GARI

Mara nyingi kipoyi kinakutana na gari barabarani. Wengi wanafikiri: sasa tumepona, tufungue kamba. Ni kinyume. Mbele ya gari kuondoka, kipoyi chenyewe kifungwe kwenye vyuma vya gari, kisha mgonjwa afungwe, kisha vyombo. Mtundike serumu kwenye chuma cha juu, mfuko wa mkojo ubaki chini.

Kama kuna chupa ya oksijeni, iulizeni kwa dereva: imefungwa? Chupa ile ni chuma kizito, na ndani yake hewa imesukumwa kwa nguvu kubwa. Ikianguka na kichwa chake kuvunjika, hewa inatoka kwa ghafula, na chupa inaruka kama risasi kubwa. Ilazwe ao isimamishwe pahali pake na ifungwe chini na juu. Isilale juu ya mgonjwa wala ikae bila kamba kando yake. Sigara, moto, mafuta ya kula na mafuta ya mwili visikaribie, kwani penye oksijeni moto unawaka kwa haraka sana.

10. KAZI YA MAMA ANAYETEMBEA KANDO

Chagueni mwanamke mmoja tu kwa kazi hii. Wakiwa watano, kila mmoja anafikiri mwenzake ameangalia. Asibebe mzigo. Mbele ya kuondoka azunguke kipoyi chote, kutoka kichwani mpaka miguuni, aguse kila fundo kwa mkono wake na kusema kwa sauti: kamba ya kifua, ya mapaja, ya magoti, serumu juu, mkojo chini, mtoto, barua, dawa. Yeye ndiye anayesema, "Inueni." Mbele ya neno lake, hata mume asiinue.

Njiani, wabebaji wakibadilishana, aguse tena vyote. Kamba ya katani ikilowa mvua inakaza, kikwembe kinalegea. Akisema "Simameni," wote wasimame.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Mfuko upi unakaa juu, na upi unakaa chini? Juu ya nini?
2. Kamba tatu za mama mwenye mimba zinapita wapi? Haipiti wapi?
3. Muganga amesema matone 60 kwa dakika. Mfuko wa mililita 500 utaisha nyuma ya saa ngapi?
4. Mama amezimia. Nani atambeba mtoto mchanga, na namna gani?
5. Katika kijiji chenu, kamba na miti ya kipoyi viko wapi leo? Kwa nani?

Swali la tano ni kubwa kuliko yote. Kama hakuna anayejua, basi wamama wa kliniki wapatane wiki hii: miti miwili, blanketi moja, kamba sita, kijiti chenye panda, mfuko wa plastiki wa barua. Viwekwe katika nyumba moja inayojulikana na wote, na visitumiwe kwa kazi nyingine.

NENO LA KUKUMBUKA

Katika Injili ya Marko tunasoma habari ya watu wanne waliomleta rafiki yao mwenye kupooza. Mlango ulijaa watu, nao wakafungua paa na kumteremsha pamoja na kitanda chake. Watu wasemao habari hii wanasifu imani yao, na ni vema. Lakini fikirini pia mikono yao. Kumteremsha mtu asiyeweza kujishika, bila kumwangusha, ni kazi ya watu waliopatana na waliotengeneza kila kitu vizuri. Imani yao ilionekana katika mikono hiyo.

Funga kwanza, mama. Kisha inueni.